Chumba Alichokipima Mwenyewe

Walimwita Timazi, kama ule uzi wa fundi wa kunyooshea kuta, kwa sababu ukuta wake haukuwahi kuinama hata unene wa kucha. Miaka arobaini alijengea watu nyumba; ya kwake aliijenga kwa masalio, matofali ya huku, mabati ya kule, saruji ya mfuko uliobaki nusu. Ilimla miaka kumi na minane. Chumba cha mwisho, kile cha uani, alimmalizia dada yake, alipofiwa na mume na wakwe wakamtoa mbio na godoro lake.

Kisha serikali ikakumbuka kwamba hata vijijini watu wana nyumba. Kila mwenye nyumba alipe kodi ya majengo, na inayozidi mita za mraba themanini iingie daraja la juu. Mthamini akatumwa, kijana mpole mwenye haraka zake, futi kamba mkononi. Alipima nyumba kubwa, akapata sabini na nne. Uani akakitupia jicho kile chumba.

"Hii ni stoo, sivyo mzee?"

Mke wa Timazi, aliyekuwa akianika nguo, akawahi. "Stoo, baba. Ya kuni."

Hapo mtu mwenye akili zake angekohoa akanyamaza. Timazi alisikia stoo tu, damu ikamchemka.

"Stoo gani ina lenta ya zege na dirisha la mbao ngumu? Hapo analala dada yangu. Na hiyo futi umeilegeza, mwanangu. Shika huko, mimi nishike huku."

Akaivuta ikakaza. Tatu na nusu kwa tatu kamili. Kijana akajumlisha, akamtazama mzee kwa huruma, akaandika themanini na nne na nusu. Na Timazi, jamani, alijisikia raha.

Raha hiyo iliisha bili ilipofika. Magoti yake yalikwisha kukataa kupanda jukwaa la ujenzi, kazi hana, na barua ya pili ilisema wazi kwamba asipolipa nyumba itapigwa mnada. Mkewe aliikunja barua hiyo, akamwekea mkononi.

"Ulimsahihisha mtu wa serikali. Haya, mlipe."

Dada yake alisikia kutoka uani. Jioni hiyo alihamishia godoro jikoni.

"Kivunje, kaka," alisema. "Mimi moshi nimeuzoea."

Alikivunja kwa tindo na nyundo yake mwenyewe. Kilipigana naye siku mbili nzima, maana mchanganyiko wake wa saruji haukuwa wa kuibia, na kila tofali lilipotoka alijitukana mwenyewe. Siku ya tatu akaenda ofisini, vumbi lingali kwenye nyusi. Karani hata hakuinua uso.

"Daftari limeshafungwa, mzee. Uthamini mwingine ni baada ya miaka mitano."

"Lakini chumba hakipo."

"Kwenye daftari kipo. Tena imeandikwa kwamba ulishika futi mwenyewe."

Aliporudi alimkuta dada yake amekaa juu ya kifusi, akikwangua saruji kwenye matofali na kuyapanga, yasipotee bure.

"Wamesemaje, kaka?"

Timazi, ambaye maishani mwake hakuwahi kudanganya hata sentimita moja, alitazama pale palipokuwa na dirisha.

"Wamekifuta," alisema.

"Afadhali," akasema dada yake, akachukua tofali jingine.