Baba Mawe, Msuluhishi wa Ndoa za Watu

Alizaliwa mikono mitupu kama sisi sote, mwaka ule mvua ziliposomba daraja, ingawa shangazi yake aliapa hadi kufa kwamba kiganja cha kulia kilikuwa kimekunjwa kama kinaficha kitu. Tangu utotoni wito wake ulikuwa mawe. Wenzake walirusha, yeye aliokota. Aliyaosha, akayanusa na, Mungu amrehemu, akayalamba. Alisoma jiolojia hadi chuo kikuu, akaoa binti wa fundi cherehani, akaletwa kufanya kazi katika mji wetu mdogo, kwenye ofisi ya madini iliyo nyuma ya posta, yenye meza moja na dirisha lisilofunguka.

Jumapili ya kwanza mzee wa kanisa alimtambulisha kwa waumini. Miwani alikuwa ameisahau nyumbani, naye hakuwa mtu wa kukubali kushindwa na karatasi. "Tumepata," akatangaza, "mtaalamu wa theolojia!" Mgeni wa watu akasimama kusahihisha. "Jamani, mimi ni mtu wa miamba tu." "Amina!" kanisa zima likaitikia. "Bwana ndiye mwamba wetu!" Akajaribu tena, wakampigia pambio. Haya, wewe ungefanyaje? Akakaa.

Tangu siku hiyo wenye ndoa zinazoyumba walimiminika kwake, naye aliwajibu kwa kile alichokijua. Mwuza nyama na mkewe, waliokuwa wakirushiana sahani, walimkuta barazani akitazama kilima cha nyuma ya soko. "Miamba miwili ikisukumana muda mrefu," akasema, "hakuna unaoshinda. Katikati huinuka mlima." Alikuwa anaeleza kilima. Wao walitazamana, wakalia, wakarudi nyumbani wameshikana mikono. Hivyo ndivyo alivyopata jina la Baba Mawe, na sifa zake zikaenea.

Lakini mganga hajigangi. Nyumbani mwake mawe yalikuwa kwenye beseni la kuogea, chini ya mito, ndani ya sufuria ya maziwa. Watoto walijifunza kutembea kwa kuruka. Mama watoto alivumilia, akasema, akanyamaza, na mke anayenyamaza ni wa kuogopwa. Jumamosi moja alirudi kutoka sokoni, akafungua kabati lake, akakuta mawe ya volkano yamepangwa kwa ukubwa. Nguo zake zote zilikuwa mlangoni, ndani ya begi.

"Nilikuwa natafuta nafasi tu," Baba Mawe akasema.

"Umeipata, baba watoto. Begi umeshanifungia mwenyewe. Kilichobaki ni mimi kulibeba."

Akalibeba kweli. Na hapo, kwa mipango ya mbinguni, mwuza nyama na mkewe wakapiga hodi. Walikuwa wamegombana tena.

Baba Mawe akawakaribisha ndani. Angeweza kuwapa fumbo lingine, wakaondoka wakimsifu. Badala yake akalia mbele yao, mtu mzima na ndevu zake. "Sina la kuwaambia. Mimi si wa theolojia, ni wa jiolojia. Naongea habari za mawe, ninyi mnaitikia amina. Na mke wangu anaondoka, kwa sababu nimemfanya awe wa pili nyumbani kwake."

"Ehee!" mwuza nyama akashtuka. "Kwa hiyo tulipatanishwa na kilima?"

Baba Mawe alikuwa amemgeukia mkewe. "Mawe yamengoja tangu dunia iumbwe, yanaweza kungoja tena. Wewe ningojee kidogo tu, nianze kuyatoa."

Mama watoto akaliweka begi chini. "Anza na ya kitandani," akasema. Mwuza nyama na mkewe wakakunja mikono ya nguo wakasaidia kubeba, na ugomvi wao haukukumbukwa.

Alifariki mzee, katika usingizi, mkewe akiwa kando yake. Kanisani watu walishuhudia maajabu: huyu alirudiana na mume, yule aliacha kupiga kelele. Mjane alisimama wa mwisho. "Mnamwita mtakatifu. Alikoroma, na funguo alipoteza kila siku. Ila baada ya begi lile, kila nilipoingia chumbani aliacha alichokuwa akifanya akaniangalia. Hata usiku ule wa mwisho." Akakaa.

Basi ndugu mpendwa, mwige. Kuna mtu ameingia chumbani sasa hivi. Inua macho.