Kilo za Mabula

Kazi yangu ni kununua mpunga hapa Nyasubi, na gunia nalijua uzito kwa kulitazama. Mume wangu Mabula nilimkadiria hivyohivyo siku ya kwanza, kule Nyarugusu, enzi nawapelekea wachimbaji mchele. Alikuwa ametoka kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu, na kiroba cha mawe begani, anapanda mlima kwenda kusaga huku akiimba Kisukuma kwa sauti mbaya kabisa. Nikasema moyoni: kilo themanini na mbili, zote nyama. Nikampandisha kwenye mizani kwa utani. Themanini na mbili. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mwili ule naukumbuka kuliko ninavyoikumbuka harusi yetu. Masika njia ya machimbo ikijaa tope, alinibeba mgongoni nisichafue kanga, na mchele wangu kauning'iniza mkono mmoja. Watu walitucheka. Na wacheke, nilikuwa namwambia, twende tu. Nazitamani siku zile hata na tope lake.

Figo zake ziliharibiwa na presha, polepole, bila sisi kujua. Huu mwaka wa pili sasa, mara tatu kwa wiki analala kando ya mashine kwa saa nne, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Nyama zikamwisha, zikianzia mapajani. Akabaki kilo hamsini na tisa. Kuinuka kwenye kiti peke yake akashindwa. Ikawa namshika kwapani, nahesabu moja, mbili, tatu, tunainuka wote. Kila nikimwinua alikuwa akitazama pembeni. Mwanamume yule aliyenibeba. Nilikuwa naenda jikoni kulia.

Ndipo nikafanya kosa letu la Kisukuma. Kwetu mtu akinenepa anapongezwa, na mke wake anapongezwa zaidi. Nikaamua kumrudishia mwili wake. Uji asubuhi, uji jioni, mtindi katikati. Kuanzia Jumamosi hadi Jumatatu mizani yangu ya mpunga ikaonyesha kaongeza kilo nne. Uso umejaa, miguu imejaa. Jirani yangu Agnetha akanipa hongera, mzee kanenepa. Nikaenda sokoni nimeinua kichwa, mjinga mimi.

Kumbe ni maji. Mabula hakojoi tena, kila anachokunywa kinabaki ndani, na uji nao ni kinywaji. Tulimfikisha hospitali hawezi hata kulala chali, pumzi haitoshi. Muuguzi Selestine alimbonyeza kwenye muundi wa mguu, shimo la kidole likabaki palepale. Hakunigombeza. Alinieleza kwamba kila mgonjwa ana uzito wake halisi, ule unaobaki maji ya ziada yakishatolewa, na wa Mabula ni hamsini na tisa. Kinachopanda kwa siku mbili si nyama. Nyama, alisema, inatafutwa kwa mayai, samaki na mazoezi.

Akampa mazoezi. Kwenye mashine alikanyaga pedali za baiskeli ndogo iliyofungwa miguuni pa kitanda. Nyumbani afunge kifuko cha mchanga kifundoni na kuinua mguu, kisha ashike meza, akae na kusimama mara kumi. Mwanzoni hakuwahi kufika mbili. Alifanyia uani, na hakutaka nimwone. Nami nikawa askari wa vikombe, napima maji yake kama dawa.

Ulipopita mwezi wa saba wa mazoezi hayo, Ijumaa moja kabla ya kwenda hospitali, nilimpima nikakuta sitini na tatu. Nikawaka.

"Unakunywa maji kwa siri," nilimwambia. "Unataka kuniachia nyumba hii peke yangu?"

"Sijanywa, Mama Masalu."

Nikamwita mwongo. Tangu tuoane sikuwahi kumwita hivyo. Alivaa viatu, akatangulia njiani.

Tulipofika nilimshtaki kwa Selestine hata salamu hazijaisha. Akambonyeza muundi, shimo halikubaki. Daktari akaja akamsikiliza mapafu, akamuuliza kama misuli humkaza mashine ikikaribia kumaliza. Mabula akakiri, wiki ya tatu sasa, na kizunguzungu juu yake, ila alinyamaza asinitie hofu. Selestine akamzungushia utepe pajani, akafungua daftari lake lenye vipimo vya zamani, akarudia kupima.

"Mama, tumekuwa tukimkamua maji ambayo hana, na hamsini na tisa hafiki tena," alisema. "Hizi ni nyama."

Daktari akaupandisha uzito wake halisi hadi sitini na moja na nusu; kilo moja na nusu iliyozidi ilikuwa maji ya kawaida ya siku mbili. Mwaka mzima nilikuwa nimeziomba kilo hizo, na zilipokuja nikazitukana. Nilikaa kando ya mashine saa zote nne nimejiinamia. Nikamwomba msamaha kwa sauti ndogo. Akasema yameisha, akaendelea kukanyaga pedali.

Walipomchomoa sindano na damu ikakatika, walimkalisha kwenye kiti apumzike kidogo kabla ya safari. Nikainama kama kawaida, nikapitisha mikono kwapani mwake, nikaanza kuhesabu. Moja.

Akaishika mikono yangu, akaitoa taratibu.

"Acha, Mama Masalu."

Akaegemea mbele, miguu ikatetemeka kidogo, akasimama. Nikabaki na mikono yangu, sijui niiweke wapi, nikaanza kulia mbele ya wagonjwa wote.