Wakili wa Mnyonya Damu

Elvio Pautasso anauza nyama Colonia Bertolina, mji mdogo wa uwandani katika jimbo la Santa Fe, na kila mwaka hupanda jukwaani na kikundi cha maigizo cha klabu. Mwaka jana alikuwa kasisi. Mwaka huu alipewa nafasi ya mnyonya damu, na hakuna aliyeshangaa. Ana sauti nzito, ana mabega, na aproni yake haijawahi kukauka damu.

Buchani anapendwa. Humwita kila mteja kwa jina, humuuliza hali ya goti, hali ya mjukuu, kisha humtupia mfupa wa bure "wa mbwa wako", hata kama mteja hana mbwa. Anajulikana pia kwa moyo wake mbovu. Mji mzima unajua kwamba Elvio ana ugonjwa wa moyo, na kwamba binti yake wa pekee, Yanina, alimwacha katika hali hiyo akaenda zake Córdoba. Kina mama wa mtaa humletea supu. Wakimuuliza habari za binti, huweka kisu chini, hushika kifua na kusema, "Acheni tu. Vijana wana maisha yao."

Hayo ndiyo unayoyajua mji. Dada yake Elvio, Delfina, anajua zaidi. Yanina alikuwa amepata nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo. Kila Februari, siku za kujiandikisha zilipokaribia, baba yake aliumwa kifua, na siku zote mbele ya watu. Hakumwambia abaki. Alisema tu kwamba kifua kinambana. Yanina alibaki mwaka ule, na mwaka uliofuata, akasimama nyuma ya kaunta akikata mbavu huku wenzake wakimaliza masomo. Mwishowe alimburuta baba yake hadi Rosario kwa daktari bingwa wa moyo. Bingwa yule, akidhani anampa binti habari njema, alimwambia kwamba mzee ana moyo wa fahali, na kwamba alikwisha kumwambia hivyo mzee mwenyewe tangu mara ya kwanza alipokuja, miaka kadhaa nyuma. Yanina hakupiga kelele. Alirudi, akafungasha, akapanda basi. Tangu siku hiyo hajazungumza na baba yake.

Sasa Yanina ana mtoto wa miezi michache, Renata. Wiki ya mwisho ya maonyesho alimpigia shangazi yake simu.

"Nitakuja kumwangalia kwenye mchezo," alisema. "Nikikaa nyuma ukumbini hawezi kunipata kwa maneno yake. Nikiona amebadilika, nitamwonyesha mtoto Jumapili. Nikiona ni yule yule, tunarudi zetu, na Renata atakua bila babu."

"Nimwambie?"

"Mwambie, shangazi. Ajipambe anavyotaka. Namjua."

Elvio alijipamba. Alipaka rangi chumba cha nyuma, akatundika kitu cha kuchezea juu ya kitanda cha mtoto, akatenga mbavu bora kwa ajili ya nyama choma ya Jumapili. Alichagua pia mahali pa kutoa machozi: tendo la tatu, upande wa kulia, chini ya taa, ambako machozi huonekana hadi kiti cha mwisho. Delfina alimwona akifanya mazoezi ya machozi hayo mbele ya kioo cha friji ya nyama.

Colonia Bertolina mchezo hauishi pazia likifungwa. Viti hugeuzwa duara, kibuyu cha mate, chai yao ya majani inayonywewa kwa mrija, huanza kuzunguka mkono hadi mkono, na watu hujadili. Nilda Foglia, mwalimu mstaafu anayeandika na kuongoza michezo ya klabu, ana sheria yake: mwigizaji havui nguo za mchezo, na hamhukumu mhusika wake. Anamtetea kama wakili, akisema "mimi". Safari hii Nilda alimwalika Silvina Echeguren, mwanasaikolojia wa mjini, na kubandika matangazo yaliyosema MNYONYA DAMU KWENYE KOCHI, yaani kochi la mgonjwa wa mwanasaikolojia. Tiketi zote ziliisha. Watu wa pale wana mwanasaikolojia kama watu wengine walivyo na kinyozi, na hakuna wanachopenda kama kusikia mwingine akichambuliwa.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Don Severino, bwana wa shamba kubwa, anamchukua yatima aitwaye Amparo awe mtumishi wake. Anamwambia kwamba anaumwa, kwamba bila yeye atakufa. Amparo anamwuguza. Kadiri anavyouguza ndivyo anavyopauka, mpaka mwisho anabaki gauni tupu juu ya kiti.

Machozi ya tendo la tatu yalitoka vizuri. Watu walipiga makofi. Nyuma kabisa, karibu na mlango, mwanamke mwenye koti la kijivu hakupiga.

Ilikuwa Ijumaa ya sikukuu, alasiri, na jua lilikuwa bado linaingia madirishani Silvina aliposimama. Ni mwanamke mwembamba, hana mbwembwe.

"Tusimwite shetani," alisema. "Shetani hatufundishi kitu. Tumchukulie Don Severino kama mtu aliyeingia ofisini kwangu akaketi. Kuna watu tunaowaita masosiopathi. Si lazima waue. Wengi hawajawahi kumpiga mtu hata kofi. Wanavutia, wanadanganya kwa wepesi, wanawatumia wengine kama vyombo, na wakikamatwa, kosa ni la aliyeumizwa. Ninyi niambieni kama huyu anaingia humo."

"Kuvutia anavutia!" alipaza sauti mama mmoja. "Na mimi aje aninyonye!"

"Wewe una sukari, mama, utamuua," akajibu Rulo, fundi wa magari, na ukumbi ukacheka.

Elvio aliinamisha kichwa kwa madaha, akafungua joho lake. Alikuwa katika uwanja wake.

"Don Severino," Silvina alimgeukia, "ulimwambia Amparo unakufa. Una umri wa karne nne. Kwa nini ulimdanganya?"

"Mheshimiwa, mimi kila siku nakufa kidogo. Nani hafi?"

Vicheko. Nilda alipiga paja kwa furaha.

"Ungeweza kumwomba tu abaki."

"Ningemwomba, angekuwa amelazimishwa. Mimi ni muungwana."

"Umesikia, Rulo? Jifunze," mtu akasema.

"Kwa hiyo hukumlazimisha," Silvina aliendelea.

"Kamwe! Mlango ulikuwa wazi. Kila siku ulikuwa wazi. Nilimfungia? Nilimfunga kamba? Nilisema tu kwamba kifua kinanibana. Yeye mwenyewe ndiye aliyevua koti akasema, nitabaki. Sasa mtu akikupa maisha yake kwa hiari, uyatupe? Huko si kumdharau?"

Alisema maneno hayo bila kutafuta hata neno moja, na makofi yalilipuka. Katikati ya makofi Elvio alisita. Katika mchezo wa Nilda, Don Severino ana ugonjwa wa damu. Hakuna popote anapotaja kifua.

Delfina, aliyekuwa akimimina maji ya moto kwenye kibuyu cha chai, aliliweka birika chini.

"Na alipopauka?" Silvina aliuliza. "Ulimwona anavyopauka?"

"Nilimwona." Sauti yake ilikuwa imeshuka kidogo. "Nilidhani amechoka. Vijana huchoka."

"Alipotoweka, uliwaambia nini majirani?"

Elvio alirekebisha ukosi wa joho. Rulo akamsaidia: "Sema aliiba vijiko!"

"Niliwaambia ameniacha mgonjwa," alisema Elvio.

"Vizuri sana," Silvina alisema, kama mwalimu anayeweka alama ya vema. "Aliyenyonywa ndiye mkosaji, na aliyenyonya anaonewa huruma. Hiyo ndiyo sehemu inayowashinda wengi kuiona. Huyu hanyonyi damu tu. Anakula hata huruma ya mtaa."

Ndipo sauti ikatoka nyuma, karibu na mlango, tulivu, ya mtu anayeuliza bei.

"Samahani. Na daktari alisema nini, Don Severino?"

Watu waligeuka, wakamwona mwanamke mwenye koti la kijivu, mwanga wa mlango ukiwa nyuma yake, na wachache tu walimtambua. Wengine walicheka, lilikuwa swali zuri. Mkono wa kulia wa Elvio ulipanda kifuani. Haukuamriwa na mtu. Ulipanda kama unavyopanda kila siku buchani, vidole vimetandazwa, kichwa kimeinama upande.

"Mwiteni daktari!" Rulo alipiga kelele. "Mnyonya damu anatufia!"

Elvio aliutazama mkono wake. Aliutazama kwa muda ambao kicheko kilichukua kuanza, kukua na kufa. Walioketi mbele wanasema uso wake ulibadilika chini ya unga mweupe, ukawa na mabaka mekundu kuanzia shingoni hadi masikioni, kama mtoto aliyekutwa jikoni na kidole mdomoni. Aliushusha mkono. Hakujua auweke wapi, akaushika kwa mkono mwingine.

"Alisema sina ugonjwa," alijibu. "Alisema hivyo tangu mara ya kwanza."

"Hii haimo kwenye mchezo!" Nilda alinong'ona, macho yaking'aa. "Endelea, endelea."

Silvina hakucheka. Alimtazama yule mwanamke wa mlangoni, akamtazama tena Elvio, na inaonekana alielewa, maana aliketi chini kabla ya kuuliza swali lake la mwisho, na aliliuliza kwa sauti ndogo.

"Unaona aibu?"

"Ndiyo."

"Basi si sosiopathi!" Rulo alitangaza. "Kesi imefutwa!"

Watu walianza kupiga makofi. Elvio alikuwa amepewa mlango wa kutokea, tena na mji mzima. Silvina aliinua kiganja wakanyamaza.

"Kuna aibu ya kuonekana, na kuna aibu ya kutenda," alisema. "Ya kwanza hata Don Severino anayo. Ndiyo maana anajificha. Yako ni ipi?"

Elvio alifikiri. Waliomzoea wanasema hawajawahi kumwona akifikiri kabla ya kujibu.

"Kwa sasa ni ya kuonekana," alisema. "Hiyo nyingine, sijui kama ninayo."

Nilda alisimama akapiga makofi, ukumbi mzima ukasimama naye, na mjadala ukaisha. Wote waliona ni uigizaji mkubwa. Walimzunguka, wakampiga mgongoni. "Mzee, umetuua!" Kila pongezi ilimfanya ainame zaidi. Siku nyingine angezikusanya moja moja.

Watu walipohamia uani kwenye soseji za kuchoma, alibaki kando ya jukwaa. Yanina alikuwa bado pale mlangoni, shangazi yake ubavuni. Elvio alitaka kwenda. Hakwenda. Kwa mara ya kwanza alisubiri aitwe.

Yanina ndiye aliyekuja.

"Una rangi kidevuni," alisema.

Alijifuta kwa ncha ya joho. "Yanina, mwanangu, mimi…"

"Usianze. Ukianza hapo utalia, na ukilia nitaondoka. Nimeona ulivyolia tendo la tatu. Ulichagua hata taa."

Aliendelea kujifuta kidevu.

"Jibu lako la mwisho, Elvio," alisema. Hakumwita baba. "Lilikuwa la nani? Lako au la yule mzee wa joho?"

"Langu."

"Sijui kama nikuamini. Umeona tatizo lako lilivyo? Hata ukweli ukiusema unapigiwa makofi." Alivaa glavu zake polepole. "Hawa wote wanadhani umeigiza. Kesho ni Jumamosi, watajaa buchani. Waambie bila joho. Jumapili asubuhi nitakuwa uwanjani mbele ya kanisa, kwenye mabenchi. Sitakuja kwenye nyama yako wala kwenye chumba ulichopaka rangi."

"Delfina kakwambia habari za chumba?"

"Nimeona rangi kwenye kucha zako."

Jumamosi foleni ilifika nje. Wote walitaka kuzungumzia mnyonya damu. Elvio aliwakatia nyama wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila mara maneno yalifika mdomoni yakarudi. Kisha akaingia Bibi Herminia, mjane wa jirani, na sufuria ndogo iliyofungwa kitambaa.

"Jana ulijitaabisha sana jukwaani, na moyo wako huo," alimwambia. "Nimekuletea ya kuku."

Duka lilikuwa limejaa. Elvio aliweka kisu chini. Mkono ulianza kupanda. Akaukandamiza juu ya kaunta.

"Bibi Herminia, moyo wangu ni mzima."

"Ashukuriwe Mungu! Dawa mpya?"

"Hapana. Ulikuwa mzima siku zote. Sijawahi kuumwa. Yanina hakuniacha mgonjwa. Nilimdanganya ili asiende kusoma, na ninyi nikawadanganya ili mnionee huruma."

Hakuna aliyecheka. Rulo, aliyekuwa kwenye foleni, alitazama viatu vyake.

"Na supu zangu?" Bibi Herminia aliuliza.

"Nilikula."

"Zote?"

"Zote."

"Hata ile niliyokuletea nikiwa na homa, nimeshikilia ukuta?"

"Hata hiyo."

"Na ulituacha tumseme yule binti kanisani, miaka yote." Alichukua sufuria yake. "Mshenzi we. Na uso huo huo unatuuliza habari za magoti."

Alitoka. Wawili walimfuata bila kununua. Waliobaki walitaja walichotaka kwa maneno machache, wakalipa, wakaondoka, na hakuna aliyemwita jina. Elvio alikata nyama bila kuinua kichwa mpaka mchana alipofunga. Delfina anasema alimkuta ameketi juu ya ndoo chumba cha nyuma, chini ya kile kitu cha kuchezea, na kwamba hakushika kifua wala hakulia, na kwamba ndipo alipomwonea huruma.

Jumapili alifika uwanjani mikono mitupu. Hakuleta nyama, hakuleta maua. Kina mama waliokuwa wakitoka kanisani walimpita, na aliwasikia wakinyamaza wanapomkaribia na kuanza tena wakishapita. Aliyapokea hayo yote.

Yanina alichelewa. Alikuja akisukuma kigari cha mtoto, akasimama hatua kadhaa mbali na benchi.

"Bibi Herminia alinipigia simu jana," alisema.

"Amesema nini?"

"Ameniomba msamaha. Alikuwa analia. Yeye, si wewe."

Elvio aliitikia kwa kichwa. Joto lilimpanda shingoni hadi masikioni, na hapakuwa na mtu mwingine karibu wa kumwona.

Yanina aliyaona mabaka mekundu. Kisha akakisogeza kigari mpaka miguuni pake na kukunja kifuniko chake cha kitambaa.

"Unaruhusiwa kuangalia," alisema. "Usimbebe."

Elvio aliweka mikono nyuma ya mgongo, akainama.