Siku za Kuumwa za Kashindye

Mimi naitwa Evelina, na kama unataka mtu wa kukusimulia habari za Kashindye kwa upole, tafuta mwingine. Mimi bado nina hasira.

Kashindye ni wifi yangu. Aliolewa na kaka yangu Shimba, mwanamume aliyepanda feri kwenda Sengerema kununua mihogo, na mpaka leo sijui ni mihogo gani hiyo isiyoisha kununuliwa. Alimwachia mwenzake watoto na chumba cha kupanga Pasiansi, hapa Mwanza. Kashindye alilia wiki ile tu, kisha akajifunga khanga kiunoni akaenda kuomba kazi jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba kilichokuwa nje kidogo ya mtaa wetu, upande wa ziwa. Wakati huo kilikuwa bado cha ushirika. Mimi nilikuwa nauza uji na maandazi pale getini, kwa hiyo hakuna aliyeingia wala kutoka nisimwone.

Walimweka chumba cha mashine. Kazi ni kuilisha mashine pamba kutwa nzima, na pamba hiyo imekuja na michanga, majani makavu na uchafu wote wa shambani. Mashine inatenga mbegu na nyuzi, na kile kisicho mbegu wala nyuzi kinaruka hewani, unakivuta. Wenyewe walikuwa wanajua kwamba Jumatatu ndiyo mbaya. Mtu amepumzika Jumapili, kifua kimeachia, akirudi tu kinabana upya kuliko mwanzo. Jumatatu uji wangu ulikuwa hauuziki, maana watu walikuwa wanakohoa mpaka hamu ya kula inaisha.

Siwasifii watu wa ushirika, nao walikuwa na wizi wao. Lakini walikuwa na feni kubwa ya kuvuta vumbi kulitoa nje, na mgonjwa akileta cheti cha daktari alilala kwake na kazi yake ikamsubiri. Ikaja soko huria. Jineri ikakodishwa kwa mtu binafsi tusiyemjua sura, akatuletea meneja anaitwa Elias, kijana wa suruali iliyonyooshwa pasi, mpole wa maneno. Feni ikaharibika mwaka wake wa kwanza. Akasema itatengenezwa. Msimu ukaisha, ukaja mwingine, feni imekaa tu juu ya paa, ndege wamejenga ndani. Kuhusu kuumwa akatoa sheria mpya: jina lako likiitwa asubuhi usipoitika, nafasi yako anapewa mmoja wa wale wanaosubiri nje ya geti. Na nje ya geti watu hawakukosekana, vijana kutoka Magu wenye nguvu zao, bei ya pamba imewakimbiza shambani.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wetu walipojichimbia shimo kwa mikono yao. Sisi Wasukuma msimu wa kulima mtu akiugua, wenzake wanaingia shambani kwake wanamlimia. Hakuna anayetangaza. Ukimtangaza ni kama umemwambia wewe ni mzigo. Kashindye alilelewa hivyo, na akakileta kilimo hicho hicho jineri. Teodora, mwenzake wa mashine, alipoamka siku moja hawezi hata kuongea, Kashindye alisimama nyuma ya kundi, jina la Teodora lilipoitwa akaitika kwa sauti nyembamba, kisha wakagawana sehemu yake ya kazi. Siku nyingine Kashindye akalala, Teodora akamwitikia. Ikawa desturi ya chumba kizima. Wanaume waliitikiana wanaume, wanawake wanawake.

Nyapara wao, mzee Bashiru, ndiye aliyekuwa anaita majina. Mnafikiri alikuwa hajui? Alikuwa anaita huku ameinamisha uso. Mashine zinalishwa, marobota yanatoka, yeye atafute ugomvi wa nini. Mimi nilikuwa naona vikombe. Asubuhi nyingine watu wanapita wachache, vikombe vyangu vingi vinabaki safi, halafu nasikia kule ndani majina yote yanaitika mpaka la mwisho. Nilicheka. Nilimwambia Kashindye, "Wifi, nyie mna majini humo ndani."

Akasema, "Acha tu. Tunasaidiana."

Lakini wanaosaidia nao walikuwa wanavuta vumbi hilo hilo, tena wanafanya kazi ya watu wawili. Kashindye akawa anapanda kilima cha kwenda nyumbani kwa kusimama kila baada ya nyumba mbili, anajifanya anasalimia watu. Nikamburuta zahanati. Mganga akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akamwambia wazi: ama utoke kwenye vumbi hilo, ama vumbi litoke, kifua hiki hakitavumilia miaka mingine. Kutoka aende wapi, na watoto wako shule? Basi akaamua vumbi ndilo litoke. Alikwenda mwenyewe mjini kwa afisa wa kazi wa serikali, akakaa kwenye benchi mpaka akasikilizwa.

Afisa alikuja kweli, mtu wa makamo, mstaarabu. Wafanyakazi wakakusanywa uwanjani hapo karibu na geti, na mimi nikasogeza sufuria yangu nisikie. Akamwambia meneja kwamba amepata malalamiko ya vumbi, na kama linaumiza watu ana mamlaka ya kufunga chumba cha mashine mpaka feni itengenezwe. Halafu akauliza ni watu gani wameugua msimu huu.

Elias hakubabaika hata kidogo. Akamgeukia nyapara. "Mzee Bashiru, wewe ndiye unayeita majina. Kuna asubuhi jina limekosa mtu?"

Bashiru akatazama chini. Aseme nini? Akisema lipo, amekiri alikuwa anadanganywa kila siku au alikuwa mdanganyifu mwenzao. Akasema, "Hapana, bwana. Wote huwa wanaitika."

"Umesikia, afisa," Elias akasema. "Msimu mzima hakuna aliyekosa kazi hata siku moja. Sasa hilo vumbi limemuumiza nani?"

Nilitamani kumrushia mwiko. Watu wanakohoa mbele yake, kope nyeupe, naye anauliza limemuumiza nani! Lakini wenyewe wamenyamaza, kila mmoja anatazama viatu vya mwenzake, kwa sababu kila mmoja pale alikuwa amemwitikia mtu na ameitikiwa na mtu.

Kashindye akatoka mbele. "Mimi nimeugua," akasema. "Mara nyingi. Asubuhi nilikuwa nakuja, naitika, kisha natoroka naenda kulala."

Uongo mtupu. Mimi ndiye niliyekuwa namwachia uji mlangoni siku hizo, hata kusimama alikuwa hawezi. Lakini angesema ukweli, angewataja Teodora na wengine, nao wangefukuzwa hapo hapo. Akabeba peke yake.

Afisa akauliza kama yuko mwingine. Hakuna aliyetoka mbele. Akahema, akasema kwa mgonjwa mmoja, tena aliyekiri mwenyewe utoro, hawezi kufunga kiwanda. Nilimwona hakupenda. Akaondoka, na Elias, kwa upole wake ule ule, akamwambia Kashindye akachukue vitu vyake.

Jioni chumba kizima kilikuja kwake na sukari na mchele. Wamejaa barazani, wanakohoa kwa zamu, wanampa pole. Teodora analia, anasema kesho atakwenda kusema kila kitu. Mimi nilishindwa kuvumilia. Nikawaambia pole zenu pelekeni kwa meneja, mlipokuwa uwanjani midomo mliiweka wapi? Kashindye akanishika mkono ninyamaze.

"Usiseme kitu, Teodora," akasema. "Ila kuanzia kesho kila mtu aitikie jina lake mwenyewe. Anayeumwa alale kwake."

"Watatuondoa mmoja mmoja," mmoja akasema.

"Wakiumwa wengi siku moja, atamweka nani? Msimu uko katikati, malori yamejaa barabarani. Huyo wa getini hajawahi kuiona mashine, siku ya kwanza itamla vidole. Elias anajua."

Hawakutaka. Wengine walisema ni aibu kumwacha mgonjwa jina lake lianguke chini watu wote wanasikia. Walibishana mpaka sukari ikasahauliwa. Lakini asubuhi nilisikia kwa masikio yangu mzee Bashiru anaita jina, kimya. Anaita jingine, kimya. Akainua uso kwa mara ya kwanza. Siku ya kazi iliyofuata ilikuwa Jumatatu, ikawa mbaya zaidi. Wakaingizwa watu wa getini, mmoja akaumia mkono kabla ya saa nne, wenzake wakakimbia. Mashine zikazimwa. Wenye malori wakasubiri, wakachoka kusubiri, wakageuza kupeleka pamba jineri nyingine. Soko huria si ndilo hilo, kila mtu anakwenda anapotaka. Ndipo Elias akajua kuumwa kwa watu kuna gharama gani, kwa sababu sasa gharama ilikuwa imetoka vifuani mwao imeingia mfukoni kwa bosi wake.

Mafundi walikuwa juu ya paa wiki hiyo hiyo. Feni ikafungwa, mpya kabisa. Teodora alikuja kunywa uji wangu wa saa nne, akasema ndani sasa unamwona mtu aliye ukuta wa pili.

Kashindye alifurahi, nashuhudia. Akafua khanga yake, akaja kuomba kazi yake. Nilimsindikiza mpaka mlango wa ofisi. Elias alisimama, akampa kiti, akasema kwa kweli mambo yamebadilika, vumbi hakuna, mgonjwa anapumzika, milango iko wazi.

"Ila kuna utaratibu mpya, mama. Waliomo ndani wanaendelea. Mgeni anapimwa kifua kwanza, tunachukua wazima tu. Hatutaki tena hasara ya watu kuugua."

"Mimi si mgeni," Kashindye akasema. "Wewe umenikuta hapa."

"Sasa hivi ni mgeni, mama."

Akaenda kupimwa. Jibu unalijua. Aliporudi alikaa karibu na sufuria yangu, akavuta pumzi kidogo kidogo, akaniambia nisigombane na mtu, wenzake wako kazini.

Nikaenda ofisini kugombana.