Nilisema Naumwa Bega

Jamani, hili nawasimulia kwa sababu nusu ya Kilindoni hapa kisiwani inalijua tayari, na wanaolieneza wamelitia chumvi, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mwenyewe niliyeaibika.

Mwanangu alikuwa na wiki nne nilipoanza kuhisi uvimbe mgumu kwenye ziwa la kushoto, na bega nalo linauma kwa vile nilivyokuwa najikunja kumnyonyesha, nikaenda hospitali. Muuguzi akanielekeza chumba cha mwisho, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo (mimi nikidhani hao ni wa waliovunjika miguu tu). Nafungua mlango, namkuta nani? Shemeji Joeli! Mtu wa bara, mpangaji wetu wa chumba cha uani, anayekunywa kahawa na mume wangu kila jioni, na choo chenyewe tunatumia kimoja.

"Karibu shemeji. Unaumwa wapi?"

"Bega," nikasema.

Hapo ndipo nilipojiponza. Bega kweli liliuma, lakini lililonipeleka ni ziwa. Na mtu wa watu aliniuliza taratibu, akasema anawapokea kina mama wengi wanaonyonyesha ambao maziwa yamewaganda, kuna namna ya kukanda polepole, na kama naona haya atamwita muuguzi wa kike akande, yeye atakaa nje ya pazia amwelekeze tu.

"Maziwa hayana tatizo?" akaniuliza.

"Mazima kabisa, shemeji," nikajibu.

Basi akanifundisha kukaa mgongo ukutani, mto chini ya mtoto, na kuzungusha mabega, nikarudi nyumbani na uvimbe wangu.

Nikawa najifungia chumbani nalikanda ziwa mwenyewe kwa chupa ya maji ya moto, nalibinya kama nakamua tui, na kila nilivyobinya ndivyo lilivyozidi kuvimba. Mtoto nikampa upande mmoja tu. Akawa analia njaa, mashavu yanapungua, mama mkwe akiuliza kulikoni mjukuu wake anakonda, nasema ni joto. Asubuhi uani, "Shemeji, bega vipi?" nami najibu limepoa, ahsante, huku nimebana mkono nisitetemeke kwa homa. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa mwanangu ataniishia mikononi, na bado mdomo haukufunguka.

Siku ya arobaini wakachinja akika ya mtoto. Ua umejaa, wengine wametoka Kirongwe. Mama mkwe kwa furaha yake akanisimamisha katikati ya wanawake: "Hebu mwonyeshe Bi Mwajuma yale mazoezi uliyofundishwa na mpangaji wetu, na yeye bega halimpi raha!"

Ningekataaje? Nikainua mkono wa kushoto, na jipu likapasuka. Usaha na damu vikalowanisha gauni jipya mpaka kiunoni, harufu ikapanda, mtu akapiga yowe, nami nikaanguka juu ya sinia la pilau (la wageni, tena lilikuwa bado halijaguswa).

Wanaume wakaja mbio. Aliyeniinua ni Shemeji Joeli, mbele ya mume wangu, baba mkwe na shehe aliyekuja kusoma dua, akanibeba mpaka kwenye bajaji, kifua changu kimefungwa kanga ya mama mkwe. Njiani aliniuliza swali moja.

"Siku ile ziwa lilikuwa linauma?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akageuka akamwambia dereva aongeze mwendo.

Jipu lilisafishwa. Mtoto alipopimwa uzito ulikuwa umeshuka, muuguzi akauandika kwenye kadi bila kunitazama. Shemeji na muuguzi yule walihangaika nami wiki nyingi, bega likapona, lakini upande wa kushoto maziwa hayakurudi.

Watu wananicheka kwa lile sinia la pilau, na wacheke. Nimeapa, nikijaaliwa mwingine, nitataja panapouma hata kama anayeniuliza ni baba mkwe mwenyewe. Niliona haya kusema ziwa, na mwanangu akalala njaa siku kumi na mbili.