Nyumba ya Msuka Viti

Mke wangu hatulii. Hata ukimkalisha, anakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa. Anafundisha darasa la pili, na wanafunzi wamembatiza Kiguu na Njia, maana kila Ijumaa huwatoa darasani kwenda kumsaidia mtu mtaani. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni ya kukaa. Sijui alinipendea nini.

Ijumaa hiyo walikwenda kwa jirani yetu, mzee msuka viti, ambaye haoni. Anaishi peke yake, na binti yake alikuwa ameshasema wazi: Jumapili anakuja, na akisikia baba amejikwaa hata mara moja, atamhamishia kwake. Mzee hataki hata kulisikia hilo. Basi watoto wakamweka barazani asipaliwe na vumbi, wakafagia, wakapanga kila kitu, nyumba ikapendeza.

Jioni mke wangu akaanza mambo yake. Aketi, asimame. Aonje mboga, asahau kuifunika.

"Baba watoto, kuna kitu kinanikera."

"Kaa ule, mama."

Akashika kijiko, akakirudisha mezani. "Mungu wangu. Tumempangia nyumba mtu asiyeona."

Alitoka mbio, nami nyuma na ndala mguu mmoja. Mzee alikuwa amerudi barazani, goti linavuja damu.

"Niliingia nikagonga meza," alisema. "Nikatafuta birika, nikashika ndoo. Mwalimu, hii bado ni nyumba yangu?"

Mke wangu akalia waziwazi. Akataka kurudisha vitu papo hapo, lakini birika lilikuwa likikaa wapi?

"Mkono ndio unaojua," mzee akajibu. "Mimi mwenyewe sijui kukuelekeza."

Asubuhi yake Kiguu na Njia alizunguka mlango kwa mlango akikusanya watoto, na kila mtoto akarudisha alichokihamisha yeye mwenyewe. Walibishana, wakasukumana, mmoja akanuna. Mzee aliwafuata nyuma akipapasa. Kigoda chake kilirudi palepale, katikati ya njia ya kwenda jikoni. Mke wangu alitaka kukisogeza kando, mzee akakataa kabisa. Kikimgusa mguu ndipo anajua amefika.

Jumapili tulijikaribisha wenyewe kwa mzee, maana kwa mke wangu nyumbani hakukaliki. Binti alikagua kila pembe kwa macho. Goti la mzee lilikuwa salama ndani ya suruali niliyoitia kiraka jana yake. Tulibana pumzi mzee alipoinuka. Akaenda moja kwa moja jikoni, akamimina chai vikombe vinne, hakumwaga hata tone.

Binti akanyanyuka haraka kwenda kumpokea sinia. Akajikwaa kwenye kigoda, akaanguka chini puu.

"Pole, mwanangu," mzee akasema, sinia limetulia mkononi. "Ukiona unapata taabu huko kwako, hamia huku nikuangalie."