Cheti cha Dada Yake

Mimi na mume wangu tulizaa watoto wawili wa kike, na nyumbani kwetu Bondeni kulikuwa na cheti kimoja tu cha kuzaliwa. Kilikuwa cha yule aliyekufa.

Niseme mapema, maana nawajua watu wa Kyela mnavyopenda kumalizia wenzenu habari zao: kosa lilikuwa letu wote wawili. Majina siandiki. La mtoto aliye hai siandiki, la marehemu siandiki, na langu mimi hata nikiliandika hakuna atakayelitambua, maana sokoni naitwa mama wa yule wa kwanza. Mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na mtoto akifa watu hawabadilishi. Miaka yote hii nimeuza vitenge huku nikiitikia jina la mtoto niliyemzika akiwa na miezi mitano, kwa homa ya siku mbili tu. Nimezoea. Au nilidhani nimezoea.

Wa pili nilimzaa mwaka mmoja baadaye, ng'ambo, Karonga, kwa mama yangu mdogo. Mume wangu alitaka nijifungulie palepale nilipojifungulia wa kwanza. Nikamwambia thubutu, kitanda kile sikilalii tena. Mimi nikisema sitaki, ujue sitaki. Nikafunga kanga zangu nikavuka mpaka wa Kasumulu na tumbo langu mbele, kama ninavyovuka kila mara kufuata mzigo, na mtoto akazaliwa salama salimini. Tukarudi na kijitabu chake cha kliniki cha Malawi, tukasema cheti cha huku tutashughulikia. Tutashughulikia, tutashughulikia, mpaka mtoto akaota meno na yakaanza kung'oka.

Mwezi wa kumi na moja likaja tangazo la kuandikisha darasa la kwanza. Mtoto alikuwa na miaka sita na mdomo wa mtu mzima. Mume wangu akaenda kuulizia mambo ya cheti, akarudi amenuna. Mtoto aliyezaliwa nje anahitaji barua, na mashahidi, na kupita uhamiaji, na maswali. Sisi wa mpakani maswali hayo tunayaogopa sana. Unaanza kuulizwa mtoto ni wa nchi gani, unamaliza ukiulizwa wewe mwenyewe ni wa wapi, na mama yako mdogo anafanya nini Karonga.

Akala chakula. Kisha akafungua sanduku la bati, akatoa cheti, akakiweka mezani pembeni ya sahani.

"Hiki hapa," akasema.

"Hicho cha nani?"

"Cha mtoto wetu."

Jamani, nilipandwa na hasira. Nikamuuliza kama ana akili timamu. Nikamuuliza kama anataka kumwingiza mwanangu kaburini.

"Nataka kumwingiza shuleni," akanijibu, bila kupandisha sauti.

Nilimnunia siku tatu. Lakini watoto wa majirani walikuwa wameshapimwa sare, na wangu alikuwa anashinda dirishani kwa fundi cherehani akiangalia sketi za bluu za wenzake. Na moyoni nilijua aliyevuka mpaka na tumbo ni mimi. Kama ningejifungulia hapa, cheti kingekuwepo. Siku ya nne nikasema haya, fanya unavyotaka. Neno hilo, haya, ndilo ninalojutia.

Mwalimu wa darasa la kwanza, mama wa makamo mwenye miwani, alikishika cheti, akamtazama mtoto. Karatasi ilisema ana miaka saba na nusu.

"Mbona kadogo?"

"Ukoo wetu wafupi," nikasema. Mume wangu alikuwa amesimama pale mlangoni, ameinama ili kichwa kisigonge fremu. Mwalimu akamtazama, akanitazama, akaandika.

Basi maandalizi yakaanza, na ukiyatazama kwa nje yalikuwa ya kawaida tu. Sketi mbili, mashati mawili, viatu vyeusi vilivyomzidi vidole viwili ili vidumu mwaka. Sweta pia, Kyela hii ambako hata kuku wanahema midomo wazi! Ufagio wa chelewa, dumu la maji, madaftari ya kufunika kwa karatasi za kaki. Mtoto alikuwa analala na dumu.

Ila kulikuwa na zoezi moja ambalo familia nyingine hazikuwa nalo. Mume wangu ana shamba la kokoa Talatala, na jioni hukaa barazani akigeuza punje zilizoanikwa kwenye turubai. Akawa anamsimamisha mtoto mbele yake, wima, mikono nyuma. Alimweleza kwamba shuleni ataitwa kwa jina jingine, jina la dada yake, na lazima aitike upesi. Alimfundisha hata kuliandika, herufi kwa herufi, kwa kijiti kwenye vumbi. Ndilo neno la kwanza mwanangu alilojua kulisoma.

Jioni ya kwanza nilikuwa ndani namenya ndizi. Nikasikia mume wangu anaita majina yale, yote matatu, lake na la baba na la babu, kwa sauti ya mwalimu. Na sauti ya mtoto ikajibu, "Nipo!"

Kisu kilinidondoka. Si kwamba niliogopa. Kuogopa kulikuja baadaye. Nilifurahi. Kwa muda wa pumzi moja nilifurahi kweli, nikainuka niende kumwona, na nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipokumbuka kwamba hakuna wa kwenda kumwona. Alisimama pale mdogo wake, amefunga mikono nyuma, anacheka pengo. Nikamchukia kidogo, Mungu anisamehe, kwa kuwa ni yeye.

Tangu siku ile nyumba yetu haikuwa nzuri. Kila jioni aliitwa, na kila jioni aliitika, na kila mara mguu wangu ulitaka kuinuka. Mtoto naye akaanza maswali. Dada alikuwa na meno? Dada alijua kuogelea? Alipopewa uji aliacha kidogo chini ya kikombe, ukimwuliza anasema si wangu. Siku moja namsuka, kichwa chake kipo magotini kwangu, akaniuliza, "Mama, dada akija, mimi nitaitwa nani?"

"Dada haji," nikasema.

"Lakini baba anamwita kila siku."

Nilimwambia atulie nimalize kusuka. Nilikaza nywele mpaka akalia, na nikajua ninamwadhibu kwa kosa la baba yake na langu.

Krismasi tulikwenda Mwaya, kwa mama mkwe. Yule wa kwanza amezikwa pale, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Kaburi lenyewe dogo, halina saruji, na bibi yake hulifagia kila Jumamosi kama anavyofagia uwanja. Mama mkwe wangu si mtu wa maneno mengi, na kwa miaka yote niliyoolewa sijawahi kumsikia akilitaja jina la marehemu. Mimi mwenyewe haniiti nilivyozoeleka sokoni. Ananiita "mwanangu" tu.

Tulipofika tukasalimiana, mwagonile, tukanywa chai. Akapita mzee mmoja jirani, amevaa koti la kanisani, akamwona mjukuu amesimama uwanjani na viatu vyake vipya, ambavyo alikuwa amegoma kuvivua.

"Gwe, kabinti," akamwita kwa utani, "unaitwa nani wewe unayeng'aa hivyo?"

Na mwanangu akasimama wima, mikono nyuma, akayataja. Yote matatu, kwa sauti, kama alivyofundishwa, hatua kumi tu kutoka kwenye migomba ile.

Mzee wa watu hakuelewa kitu, akasema jina zuri, akaenda zake. Mama mkwe alikuwa ameinamia chungu cha maharage. Akaacha kukoroga. Kisha akauliza taratibu, "Nani amempa?"

Tukamweleza. Njia ya mwongo fupi, na yetu iliishia pale jikoni. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele.

"Jina la babu tunampa mjukuu," akasema, "kwa sababu babu alilitumia, akalimaliza. Yule hakulimaliza. Alilivaa miezi mitano tu. Leo mnamvisha mwingine likiwa bado lake?" Akafunika chungu. "Mtoto akiitwa kila asubuhi kwa jina la aliyelala pale, ipo siku atakwenda anakoitwa."

Wengine mtasema ni mambo ya kizamani. Semeni. Mimi niliangalia uwanjani upesi kuona kama mwanangu bado yupo.

"Mama, ni karatasi tu," mume wangu akasema.

"Karatasi gani?" Nikamgeukia. Sikujali tena kwamba niko mbele ya mkwe wangu. "Karatasi inaitwa kila jioni? Karatasi inafundishwa kuitika? Ungetaka cheti tu ungekipeleka shule ukanyamaza. Wewe unataka nini hasa? Sema!"

Alikaa kwenye kigoda, magoti yamemfika kifuani kwa urefu wake. Akawa anajikuna kiganja.

"Watu wanaliita jina lake kila siku," akasema. "Mama fulani, baba fulani. Tunaitika sisi. Nilitaka aitike mtoto."

Miaka yote ile nilidhani amesahau, kwa sababu hakuwahi kulia mbele yangu. Hasira ikaniishia, nikabaki na huruma, na huruma ilikuwa mbaya zaidi. Mama mkwe akamshika mwanawe begani, akasema, "Ndaga, mwanangu." Huku kwetu neno hilo ni la shukrani, na pia ni la pole. Alimshukuru au alimpa pole, sijui, na sikuuliza.

Shule ilipofunguliwa mwezi wa kwanza tulikwenda watatu, asubuhi, kabla ya kengele. Mtoto amevaa sare, ufagio mkono huu, dumu mkono mwingine. Njiani nilimwambia kwamba kuanzia leo ataitwa kwa jina lake mwenyewe, na akiitwa lile jingine asiitike hata akiita nani. Hatukujua kama mwalimu atampokea. Huenda angeturudisha nyumbani, huenda angetupeleka mbele zaidi, na mwaka ungepotea. Mume wangu alisema potelea mbali mwaka. Nilimpenda kwa neno hilo.

Mwalimu alitusikiliza ofisini kwake, mlango umefungwa. Tulimweleza yote, Karonga, sanduku, kaburi.

"Mnajua mmefanya kosa?"

"Tunajua, mwalimu."

"Kosa la kupelekwa mahali."

"Tunajua."

Alivua miwani akajifuta macho, sijui ni jasho au nini. Akamtazama mtoto na ufagio wake. Mwishowe akasema mtoto akae darasani, jina lake halisi ataliandika kwa penseli mpaka tulete karatasi za kweli, na karatasi hizo azione kabla ya likizo ya Pasaka. Uhamiaji, mashahidi, vyote. Tukasema ndiyo, ndiyo. Nilitaka kumshika miguu.

"Lakini hili lililoandikwa kwa wino," akasema, "siwezi kulifuta. Nalikata, na pembeni huandikwa sababu. Sababu aandike mzazi."

Akaligeuza daftari kwetu, akanisogezea kalamu. Niliishika. Sikuwahi kuliandika neno lile popote. Kifo chake hatukukiandikisha, hatukukitangaza, tulimzika Mwaya tukarudi mjini na kanga zake. Mkono ulikataa. Mume wangu akaichukua kalamu vidoleni mwangu, akainama mezani, akaandika kwa mwandiko wake ule wa kuegemea: Amefariki.

Mwalimu akachukua rula na kalamu nyekundu. Akaanza kupiga mstari, polepole, kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kutochafua kitabu.

Mwanangu alikuwa amesogea, kidevu kimefika ukingoni mwa meza. Aliitambua ile safu ya herufi, maana ndiyo pekee aliyojua kuisoma.

"Mwalimu anamkata dada?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Anamfukuza?"

Mume wangu alikuwa amegeukia dirishani.

"Lakini hajasoma hata siku moja," mwanangu akasema.

Nikanyoosha mkono ili nimwambie mwalimu asubiri kidogo, asiufikishe mwisho. Mstari ulikuwa umeshafika.